Habari za Kitovu cha Kipkorir

Nakuru,
Jumapili, tarehe 9 Novemba, 2025.

Dada yangu mpendwa Cheruto,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na shemeji Kimeli, na Kipkorir wetu, na Kogo mama mkwe wako. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba mmemaliza kuchimba viazi vya shamba la juu kabla mvua haijaviozesha. Mimi sijambo. Kile kikohozi ulichonisikia nacho kwenye simu kiliisha chenyewe. Nauliza hasa kuhusu mguu wa Mama: kidonda kimekauka, au bado kinafunga wiki mbili na kufunguka tena? Anakiosha vile alivyoonyeshwa zahanati? Na Kipkorir, miezi minne sasa, ameanza kucheka kwa sauti? Ile picha uliyonitumia niliona ana kidevu cha marehemu Baba, nikaionyesha kila mtu hapa kazini hata wakachoka nami.

Utashangaa kuletewa karatasi siku hizi. Ningeweza kupiga, lakini simu yako ni ya nyumba nzima, na Kimeli akipata ujumbe wa sauti huufungulia pale jikoni wote wausikie. Haya nataka uyasome peke yako kwanza, umeketi. Ndiyo maana nimempa Kiplangat, jirani yenu, ambaye alileta viazi sokoni jana na anarudi kesho asubuhi. Nimemwomba akupe mkononi, asimwachie mtu.

Usiogope, hakuna aliyekufa. Habari niliyo nayo ni kubwa na ni nzuri, na mkono unaandika mbio hata mistari inapanda juu. Cheruto, tumeona kitu! Tumekiona mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu kimehesabiwa na mtu asiyejua anachokihesabu, na bado kilikuwepo.

Unakumbuka nilivyojaribu kukueleza kazi yangu mwezi wa sita, ukiwa kwangu unangoja siku zako, ukaniambia hayo ni mambo ya watu wenye wakati? Ngoja nijaribu tena, maana bila hilo hutajua ninashangilia nini. Ukivunja yai, ndani ya ganda kuna ngozi nyembamba nyeupe. Mishipa yetu ya damu nayo ina utando wa namna hiyo kwa ndani, na utando huo ni seli zilizopangwa moja kando ya nyingine, kama matofali ya kabro barabarani. Mshipa ukichubuka, baadhi ya seli hizo hung'oka. Zilizobaki ukingoni mwa jeraha ndizo zinazopaswa kuzaana na kusogea mpaka pengo lizibwe. Sasa zitajuaje kwamba zinaitwa kazini? Mwili huzipelekea ujumbe, ambao sisi tunauita kichocheo cha ukuaji. Na kila seli ina vipokezi juu ya ngozi yake, ambavyo ni kama masikio. Bila masikio, ujumbe unapita tu na maji. Basi kazi yangu mimi, dada, ni kuhesabu masikio. Nataka kujua seli hufanya nini na vipokezi vyake mshipa unapojeruhiwa.

Sote hapa tuliamini jambo moja. Daktari Avni, msimamizi wangu, aliamini, Jamleck fundi wa maabara aliamini, na mimi nikaamini kwa sababu wao waliamini. Tulifikiri kwamba jirani akijeruhiwa tu, seli ya ukingoni hutoa vipokezi vingi mara moja, ili isikie vizuri. Ni jambo linaloingia akilini, sivyo? Mtu akisikia kelele nje hutega sikio.

Seli zenyewe hatuzitoi kwa mgonjwa. Tunazipata ndani ya mshipa wa kitovu cha mtoto, kile ambacho hospitali hukitupa akishazaliwa. Hilo unalijua kuliko mtu yeyote, na habari za kitovu cha Kipkorir nitazifikia. Nivumilie kidogo.

Mwezi wa tisa, Fancy, yule muuguzi mrefu aliyekushika mkono siku ile, alinipigia asubuhi kuniambia kuna mama amezaa na alikuwa ameshakubali na kuweka sahihi tangu kliniki. Nilikimbia na chupa yangu ya barafu. Mama huyo anaitwa Namalwa, anakaa mtaa wa Rhonda, anauza chai na mandazi karibu na gereji za huko. Nilimkuta na binti yake kifuani, hata uso hajanawa. Nikamshukuru, nikataka kuondoka haraka kwa sababu seli hazingoji. Akaniita nirudi.

"Dakitari, hiki mngekitupa tu, kwa hivyo chukua. Lakini ukipata kitu, utarudi kuniambia? Watu wa utafiti huja na fomu, wakienda wameenda."

Nikamwambia mimi si daktari bado, ila nitarudi. Nilisema haraka, vile mtu husema akiwa na chupa mkononi.

Seli za kitovu hicho zilimea ajabu. Nilikiosha kwa maji ya chumvi, nikajaza mshipa wake dawa ya kulegeza, nikafunga ncha mbili kwa uzi, nikazikusanya seli zilizolegea na kuziweka kwenye sahani ndogo za plastiki ndani ya kabati la joto. Siku ya nne zilikuwa zimeshikana bila pengo. Nikachukua ncha ya plastiki, nyembamba kama kijiti cha kiberiti, nikachora mstari mmoja katikati ya kila sahani. Hilo ndilo jeraha letu. Sahani nyingine nikazisimamisha baada ya saa moja, nyingine saa tatu, nyingine saa sita, nyingine siku nzima. Kisha nikazipaka rangi inayong'aa kijani pale tu penye kipokezi, nikaingia chumba cha hadubini na kuzima taa.

Nilianza na sahani ya saa moja. Mbali na mstari, kijani kilikuwa kama kawaida. Ukingoni mwa jeraha kulikuwa giza.

Nilidhani nimeharibu. Nikaweka sahani ya pili ya saa moja, ikawa vilevile. Ya tatu, vilevile. Nikaweka ya saa tatu, giza limepungua kidogo. Ya saa sita, kijani kimeanza kurudi. Halafu nikaweka ya siku nzima, Cheruto, na ukingo wote wa jeraha ulikuwa unawaka. Seli zile zile zilizokuwa giza sasa zilikuwa na vipokezi vingi kuliko jirani zao waliokaa mbali, na zilikuwa zimeinama kuelekea pengo, zimeanza kutembea. Nilikaa pale gizani nikicheka peke yangu. Jamleck aligonga mlango akauliza kama niko sawa.

Masikio hayakuwa yamekatika. Nilipotazama vizuri zaidi niliyaona, nukta ndogo ndogo, ndani ya seli. Zilikuwa zimeyavuta ndani! Tunavyofikiri sasa ni kwamba seli zilizopasuka humwaga kile kichocheo zilichokuwa zimekihifadhi, majirani wanakidaka kwa vipokezi vyao na kuingia navyo ndani pamoja na ujumbe. Kwa hivyo kwa saa kadhaa seli za ukingoni ni kama hazisikii neno jingine kutoka nje. Zikishamaliza na ujumbe wa kwanza, zinatoa masikio mapya, mengi kuliko ya mwanzo, na ndipo kazi inaanza kwa nguvu. Fikiria maana yake. Huenda kuna saa ambazo ukilimwagia jeraha dawa ya kuliamsha unaimwaga bure, na kuna saa nyingine ambapo tone moja lingetosha. Daktari Avni amenikataza kusema zaidi ya hapo, na ana haki: hizi ni seli kwenye sahani, si mguu wa mtu. Usimwambie Mama kwamba nimempatia dawa. Mwambie aendelee kuosha.

Lakini siku ya kwanza Daktari Avni hakukubali hata kidogo. Ni mtu wa hapa hapa Nakuru, babu yake alikuwa na duka la vitambaa mjini, na kwa kazi hana mzaha. Aliniambia seli zangu zilikuwa zimechoka. Baada ya mazungumzo marefu, ambayo nitakueleza chini kwa sababu yana uzito wake, alikubali turudie yote upya kwa kitovu cha mama mwingine wa Njoro. Nikarudia. Giza lilikuwa pale pale, saa ile ile. Hata hapo hakuridhika. Akachukua picha zote za vitovu viwili, akafuta majina na saa, akaziandika herufi peke yake, na orodha ya kuonyesha herufi ipi ni ya saa ipi akaifungia ndani ya mkoba wake. Picha akampa Jamleck ahesabu. Mimi nikakatazwa kugusa.

Jamleck alihesabu siku mbili. Unamjua mtu asiyesema? Huyo ndiye Jamleck. Nilikuwa nikimpelekea chai, anaifunika karatasi yake kwa mkono kama mwanafunzi wa darasa la nne. Alhamisi ya juma lililopita saa nne asubuhi tulikutana sote watatu mbele ya ubao. Daktari Avni alifungua mkoba. Jamleck alisoma herufi na idadi ya nukta kwa kila seli, Daktari akataja saa, mimi nikaandika. Picha ya kwanza, kabla ya jeraha: arobaini. Ya pili, siku nzima: sabini na moja. Ya tatu, Jamleck akasoma kumi na mbili, Daktari akakitazama kikaratasi chake muda mrefu, akasema, "Saa moja." Ya nne, tisa. Saa moja. Iliyofuata sitini na nane, siku nzima. Kisha kumi na nne, na kabla Daktari hajasema, Jamleck mwenyewe akasema polepole, "Hiyo ni saa moja."

Tulimaliza. Jamleck alivua miwani akaketi kwenye kigoda. Daktari Avni aliomba tusome yote tena kutoka juu, tukasoma. Halafu akatembea hadi dirishani, akarudi, akaniambia, "Chelimo, hiki kitu kipo." Ni maneno manne tu, dada, na mimi nilitoka nje nikazunguka jengo lile mara mbili nikitembea kama mtu aliyeibiwa viatu. Nilitaka kumpigia kila mtu. Jina lako nililifungua kwenye simu nikalitazama, nikafunga.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo limenifanya nifunge.

Ijumaa, yaani juzi, nilikwenda Rhonda kutimiza ahadi. Nilichapisha picha mbili, ya giza na ya kijani, nikampata Namalwa kwenye kibanda chake anakanda unga, mtoto amelala mgongoni. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza mikono ikiwa ndani ya unga, akauliza kama seli hizo ni za binti yake kweli, nikasema ndiyo. Akasema kumbe zikiumia zinatulia kwanza, kama mtu mwenye akili. Aliwaita wateja wake wawili waje waone. Nilikunywa chai, nikala mandazi matatu, nikajiona mtu wa maana sana. Halafu, akinifungia mengine ya kubeba, akaniuliza bila ubaya wowote, "Na wale akina mama wengine waliokupatia, umeshawaambia?"

Nikasema bado mmoja.

Cheruto, nilikuambia mwezi wa saba kwamba kitovu cha Kipkorir kimefanya kazi vizuri. Si kweli. Seli za Kipkorir zilikufa zote, kabla sijachora hata mstari mmoja, na ni mimi niliyeziua.

Zilikuwa zimemea vizuri sana siku tatu za mwanzo. Jumapili ile mliporuhusiwa kutoka hospitali, nilikuwa nazibadilishia chakula chao, na nilitaka kuwawahi niwasindikize stejini. Niliacha chupa wazi nikaenda kujibu simu yako, nikarudi nikaendelea bila kubadilisha glavu. Hakuna mtu mwingine wa kulaumu, wala mtambo, wala stima. Jumanne nilipofungua kabati, maji yote yalikuwa yamechafuka rangi ya uji. Vijidudu vilikuwa vimeingia. Nilizitazama sahani moja moja mpaka ya mwisho, na hakukuwa na seli hata moja iliyoshikilia chini.

Na si hilo tu. Wageni kutoka vyuo vingine walikuwa wanakuja mwisho wa mwezi kusikiliza kazi yetu, na Daktari Avni alikuwa amewaahidi matokeo ya kwanza. Niliogopa kumwambia. Zaidi ya yeye, nilikuogopa wewe. Nilikumbuka ulivyosimama mbele ya Kogo kwa ajili yangu. Kogo alitaka kitovu kirudishwe Kuresoi kizikwe nyuma ya nyumba yake, ambako vya watoto wake wote vimezikwa, na Kimeli alikuwa upande wa mama yake. Nilikuwa nimesimama hapo kando ya kitanda ulipomjibu kwenye simu, na sauti yako haikupanda: "Chelimo ni damu yangu, hawezi kukichezea." Basi nikaketi kwenye kompyuta, nikajaza nambari za sahani ambazo hazikuwepo. Nilijaza vile tulivyotarajia, vipokezi vinapanda tangu saa ya kwanza. Nilijiambia nitakuja kuzibadilisha kwa za kweli baadaye na hakuna atakayejua. Wageni walipiga makofi. Jioni hiyo nikakupigia nikakuambia kimefanya kazi.

Wiki mbili baadaye ukanipigia ukicheka hata husikiki, ukanieleza kwamba Kogo, Kogo yule yule, amesimama kanisani mbele ya watu akasema kitovu cha mjukuu wake kinawafundisha madaktari kuponya vidonda. Ukasema hukuwahi kumwona amejivuna hivyo. Nilicheka nawe. Baada ya hapo, kila uliponipigia mwezi mzima nilikuwa nasema niko na kazi.

Sasa utaelewa yale mazungumzo marefu na Daktari Avni. Nilipompelekea picha za Namalwa, alizilinganisha na nambari zangu za Julai. Akasema za Julai ndizo safi, hizi mpya zimeharibika, nizitupe. Cheruto, ile ndiyo dakika ngumu kuliko zote nilizopata kuishi. Kitu cha kweli nilichokiona kwa macho yangu kilikuwa kinakwenda kutupwa kwa sababu ya kitu nilichokitunga mwenyewe. Ningenyamaza ningekuwa salama, na kile kingekufa hapo mezani.

Nikamwambia, "Daktari, za Julai hazipo."

"Hazipo vipi?"

"Seli zilikufa. Nambari niliziandika mimi."

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Aliniambia nitoke nirudi saa nane. Niliporudi alikuwa ameshawaandikia barua pepe wageni wote wa Julai kwamba matokeo yale yameondolewa, na akanitaka nisome na kuweka jina langu chini ya lake. Nikaweka. Nimeandikiwa onyo na chuo, jina langu limeondolewa katika mkutano wa Kampala, na nitakaa masomoni mihula miwili zaidi, kila nambari yangu ikikaguliwa na Jamleck. Ni haki. Ndipo akasema sasa tuone kama hizi mpya ni za kweli, akaanza habari ya vitovu viwili na herufi na mkoba. Hakuwa na sababu tena ya kuniamini mimi, ndiyo maana alitaka kuziamini seli peke yake. Na seli zilisema ukweli, dada. Nadhani hiyo ndiyo sababu nilifurahi vile Alhamisi, zaidi ya ugunduzi wenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu Julai kulikuwa na kitu ubaoni ambacho sikuhitaji kukilinda.

Hakuna kilichobaki cha kitovu cha Kipkorir. Najua utaniuliza, na najua Kogo atauliza. Kilichomwa pamoja na taka nyingine za maabara Jumatano ile, kama sheria inavyotaka. Ningeweza kukuandikia kwamba nimehifadhi kipande, lakini nimeshakudanganya mara moja na nimeona mwisho wake.

Nisamehe, dada yangu. Sikuombi unisamehe leo. Wala sikuombi unibebee jambo hili kwa Kogo, kwa sababu ulishanibebea mara moja. Nitakuja mwenyewe Jumamosi tarehe 22, nimwambie mbele yako na mbele ya Kimeli, na akitaka niseme kanisani mahali aliposimama yeye, nitasema. Nikifika na lango limefungwa nitaelewa, nitasubiri nje mpaka mtu afungue. Ukiona ni heri nisije kabisa, mpe Kiplangat neno, ataniletea Jumamosi hii akija sokoni.

Nisalimie Mama kwa upendo mwingi, umshike ule mguu kwa niaba yangu. Msalimie shemeji Kimeli, na umwambie gambuti zake za mvua alizosahau hapa ziko salama, nitakuja nazo. Mkumbatie Kipkorir mpaka alie. Kogo usimpe salamu zangu bado, nitampa mwenyewe.

Nitaleta na ile picha ya kijani. Nilitamani sana iwe ya Kipkorir. Ni ya binti wa Namalwa wa Rhonda, anaitwa Neema, na nimemwomba mama yake ruhusa niwaonyeshe.

Ni mimi mdogo wako,
Chelimo.